Mali Bila Daftari: Je, Chuo Kidogo cha Binafsi Kinalipa?

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi na wahitimu wa kidato cha nne hapa Muheza, Jumamosi iliyopita, baada ya matokeo kutoka. Mvua iliwazuia wengi wa vijiji vya juu, na wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni salamu ndefu na mahali nilipokohoa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nimewasikia pia.

Mheshimiwa diwani, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokimbilia viti vya nyuma mkidhani macho yangu yameshachoka: asanteni kunialika.

Nimepewa swali moja. Chuo kidogo cha binafsi kinalipa? Ukitoa pesa yako leo, itarudi? Mkuu wa shule amenichagua mimi kwa sababu nilikuwa mhasibu wa chuo cha namna hiyo kwa miaka 11. Sitakitaja jina. Kipo mkoa mwingine, kina fani tatu za afya, na wanafunzi wake hawakuwahi kufika mia nne. Nimestaafu, hawanidai wala siwadai, kwa hiyo leo nitasema.

Kwanza nyoosheni mikono. Nani hapa mtoto wake ameshapata barua ya kujiunga na chuo binafsi? Naona kumi na tatu, kumi na nne. Vizuri. Msishushe. Kati yenu, nani ameisoma barua hiyo mpaka ukurasa wa mwisho?

Mmeona? Mikono imeshuka kama embe za upepo.

Sisemi hivi kuwacheka. Najua kwa nini hatusomi. Tangu 2016 serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne, na 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na sita. Mzazi wa leo anaweza kumfikisha mtoto hapa tulipo bila kuwahi kushika risiti ya ada hata moja. Michango ipo, ya chakula, ya mtihani wa majaribio, naijua, msinipigie kelele. Lakini ada yenyewe, ile ya kukufanya usilale, wengi wetu tunakutana nayo mara ya kwanza mtoto anapokwenda chuo. Tunaipokea bila mazoezi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeshika daftari maisha yangu yote, na leo nimekuja nalo. Hili hapa.

Nianze na mama mmoja wa hapa hapa, anauza machungwa pale stendi. Mwaka jana alinifuata nyumbani jioni, furaha tupu. Mwanawe wa kiume amepata nafasi ya kusomea utabibu, stashahada, miaka mitatu. "Dada," akaniambia, "ada milioni moja na laki sita. Mara tatu, milioni nne na laki nane. Nikiuza ekari moja ya machungwa na kikoba kikanikopesha, tumemaliza."

Nikamwambia keti. Lete barua.

Tukaanza kuandika. Ada, 1,600,000, sawa. Ukurasa wa pili, mtihani wa wizara, 150,000. Bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400. Baraza la NACTVET, lile linalosimamia vyuo hivi, 15,000. Akauliza, "Hizi hazimo kwenye ada?" Hazimo. Ukurasa wa tatu, maandishi madogo: koti jeupe, sare mbili, viatu vyeusi vya kufunika vidole, kipimo cha presha, ile mipira ya kusikilizia moyo. Tukakadiria 120,000 kwa kubana sana. Ukurasa wa nne, mafunzo kwa vitendo hospitalini, ile nyinyi vijana mnaita fildi, laki mbili kwa mwaka, maana hospitali nayo inalipwa kuwapokea. Mama hakuwa amefika ukurasa wa nne.

Halafu yale ambayo hayamo kwenye barua yoyote. Chumba cha kupanga, 40,000 kwa mwezi, miezi kumi. Chakula. Nikamuuliza, mwanao anakula shilingi ngapi kwa siku? Akacheka, akasema huyo anakula sufuria. Tukaweka elfu nne tu, chai na ugali wa maharage, siku mia tatu: milioni moja na laki mbili. Nauli za likizo na kutoa kopi za nukuu, 150,000.

Tukajumlisha. Mwaka mmoja, 3,885,400. Miaka mitatu, tukiondoa sare ambayo hainunuliwi kila mwaka, 11,416,200.

Kutoka milioni nne na laki nane mpaka milioni kumi na moja na ushei. Na hakuna aliyemdanganya. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, au kilikuwa tumboni mwa mwanawe.

Nasema hivi: ada si bei ya chuo. Rudieni na mimi. Ada si bei ya chuo. Ada ni kama bei ya nauli kwa mtu anayekwenda harusini. Bado hajatoa zawadi na bado hajashona nguo.

Na kuna gharama nyingine ambayo wazazi wengi hatuihesabu kwa sababu hatuitoi mfukoni. Huyu kijana alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu. Baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, alikuwa anabaki na 150,000 kwa mwezi. Akienda chuo, hiyo inakufa. Miaka mitatu ni milioni tano na laki nne ambazo familia haitaziona. Ukiongeza kwenye ile ya mwanzo unafika 16,816,200. Na ile ekari ukiiuza, kumbuka umeuza pia machungwa ambayo yangezaa mwaka kesho, na mwaka keshokutwa. Mchungwa haukuombi ada.

Mama akanyamaza. Akaniuliza, "Kwa hiyo nisimpeleke?"

Sikusema asimpeleke. Tugeuze ukurasa wa daftari, tuangalie upande wa mapato.

Tabibu ni nani? Ni yule mnayemkuta zahanati ya kijijini na nyote mnamwita daktari. Akimaliza stashahada, akasajiliwa na Baraza la Madaktari, ana milango miwili. Mlango wa serikali ni mzuri. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 kufika 500,000, na tabibu hayupo chini kabisa ya ngazi. Ila mlango huo una foleni. Ajira zinatangazwa, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na vijana wanakaa mwaka, miwili, mitatu wakijitolea hospitalini kwa posho ya nauli. Mlango wa pili ni zahanati na vituo vya watu binafsi. Huko foleni ni fupi, na mshahara nao ni mfupi.

Tuseme kijana wetu amepata laki nne kwa mwezi kituo cha binafsi. Alikuwa na laki na nusu ya bodaboda. Faida ya kusoma ni ipi? Wengi mtasema laki nne. Hapana. Ni tofauti: 250,000. Gawanya ile 16,816,200 kwa 250,000. Ni miezi 67. Miaka mitano na miezi saba ndipo familia inarudi pale ilipokuwa, sufuri, kama haijasomesha mtu. Ikitangulia miaka miwili ya kujitolea, ni saba na nusu. Sijaweka riba ya kikoba, wala bodaboda aliyoikosa akijitolea.

Kijana ameingia chuo ana miaka 20. Katoka ana 23. Akifika 31 ameshalipa deni la shamba, kimahesabu. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na 60. Kutoka 31 mpaka 60 ni miaka 29 ya faida. Hapo nasema bila kigugumizi: chuo kimelipa. Kimelipa vizuri kuliko ekari ya machungwa.

Lakini badilisha namba moja tu. Tuseme amesoma kitu ambacho mwisho wake ni kukaa duka la dawa kwa 250,000 kwa mwezi. Tofauti sasa ni laki moja. Gawanya tena. Miezi 168. Miaka 14! Gharama ile ile, jasho lile lile, majirani wale wale waliopiga vigelegele. Kilichobadilika ni mlango ambao cheti kinafungua. Ndiyo maana nikiulizwa "chuo gani kizuri" huwa najibu kwa swali: kinamtoa mtu kuwa nani, na huyo mtu analipwa na nani?

Kwa pembeni kidogo. Wewe uliyepata alama za kwenda kidato cha tano, usidharau njia hiyo kwa sababu mwenzako atavaa koti jeupe mwaka huu. Kidato cha tano na sita havina ada, na ukifika chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo. Pesa ya chakula na malazi peke yake ni 10,000 kwa siku kwa anayepewa mkopo. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kukopesha baadhi ya fani za stashahada pia, afya ikiwemo. Ombeni. Si kila mwombaji anapata, lakini asiyeomba hapati kabisa. Ila mkumbuke ni mkopo. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Kwenye laki tano, hiyo ni 75,000 kila mwezi, kabla hujaiona.

Na wewe ambaye moyo wako upo kwenye umeme wa majumbani au ufundi wa magari: ada ya VETA ni 60,000 kwa mwaka kwa kutwa, 120,000 kwa bweni. Nimemaliza hapo. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, maana nilikuwa na mkono ndani yake.

Matokeo yakitoka kama hivi, kuna watu huwa wanaanza kupita. Kijana mtanashati, ana fomu kwenye begi, ana picha za majengo kwenye simu. Anakwambia mwanao kachaguliwa. Nani kamchagua? Hujaomba popote! Huyo ni dalali wa chuo. Najua kwa sababu nilikuwa nawalipa. Kwa kila kichwa kinachosajiliwa nilikuwa nahesabu noti tano za elfu kumi, anasaini, anaondoka. Wapo wenye ukweli. Lakini fikirieni: mtu anayelipwa kwa kichwa ana sababu gani ya kukwambia mtoto wako hafai?

Mwaka mmoja dalali wetu alileta binti, mpole, mkimya, anatoka kwa bibi yake. Kozi ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, angalau D, ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti alikuwa na Kemia, ana Baiolojia, Fizikia ana F. Dalali akamwambia, hiyo itarekebishwa ndani kwa ndani. Bibi akalipa muhula wa kwanza. Mimi nikaandika risiti. Majina yakapelekwa NACTVET kuhakikiwa, yakarudi, la kwake halimo. Wakuu wangu wakamwacha aendelee kukaa darasani, eti wanafuatilia. Alifuatiliwa mpaka mwaka ukaisha. Alivaa koti jeupe mwaka mzima, akalipa mwaka mzima, na kwenye mfumo wa Baraza hakuwepo kabisa.

Bibi yake alipokuja kuuliza, ilikuwa dirisha langu. Nilimwambia nini? Nilimwambia aonane na mkuu wa chuo. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na bado linanikaa kooni.

Kwa hiyo, wazazi, F haigeuki D ndani kwa ndani. Aliyekosa Fizikia arudie mtihani, au atafute kozi ambayo Fizikia haihitajiki, lakini asinunue mbuzi kwenye gunia. Na nyote mnakumbuka Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea ripoti ya vyeti pale Dodoma: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wameshafanya kazi miaka na miaka. Serikali inakagua. Inaweza kuchelewa, lakini inakagua.

Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuteni kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET. Kinatoka kila mwaka, kipo kwenye tovuti yao, kijana wako atakifungua kwa simu dakika tano. Angalia jina la chuo. Halafu, na hapa wengi wanakosea, angalia jina la kozi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi ile isiwe na kibali. Kwa vyuo vikuu, kazi hiyo ni ya TCU, tume iliyoanza 2005, nayo ina kitabu chake.

Nimewatisha? Basi niwaambie uzuri wa udogo, maana upo, na nimeuona kwa macho.

Chuoni kwetu kulikuwa na mwalimu wa anatomia, mzee wa miraba minne, sauti kama ya kengele. Alikuwa anawajua wanafunzi wote kwa majina, na majina ya baba zao. Asubuhi moja akaona kiti cha kijana mmoja kitupu siku ya pili mfululizo. Hakungoja ripoti. Saa nne ya mapumziko akapanda baiskeli mpaka geto la yule kijana, akamkuta kalala chini, malaria imempanda kichwani, anaongea peke yake. Wenzake wa chumba walikuwa wamekwenda fildi. Yule kijana yuko hai leo, ni tabibu, ana watoto wawili. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi, nani angeona kiti kimoja?

Na katika chuo kidogo mwanafunzi anashika mgonjwa mapema. Hawasukumani watu ishirini kitanda kimoja. Anayetaka kujifunza kumtafuta mshipa wa damu atautafuta mpaka aupate, na mwalimu amesimama nyuma yake. Hilo lina thamani kwenye daftari? Lina thamani. Aliyejifunza kwa mikono anapata kazi haraka, na kila mwezi anaowahi kazi ni 250,000 kwenye hesabu yetu ile.

Lakini chuo kidogo kinaishi kwa ada yenu. Sikilizeni hapa, maana hili halisemwi siku ya kukaribisha wanafunzi wapya. Hakuna ruzuku, wala mfadhili wa Ulaya, wengi hawana. Ni ada. Oktoba watoto wanaingia, pesa zinaingia, walimu wanalipwa, kila mtu anatabasamu. Ikifika Februari mimi nafungua daftari, kuna nini? Nusu ya wanafunzi hawajamalizia awamu ya pili. Mwalimu wa famakolojia anasubiri mshahara wa Desemba. Anasubiri, anasubiri, siku moja anapata kituo kingine, anaaga kwa ujumbe wa simu. Mada zake tano zinabaki hazijafundishwa. Anatafutwa mwalimu wa kushikiza, anakuja Jumamosi mbili, anagawa nukuu, anaondoka.

Halafu mtihani wa wizara unafika. Mtihani huo hauulizi mwalimu wako aliondoka lini. Ni ule ule kwa nchi nzima, kwa chuo cha serikali na cha kwetu. Mtoto anapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Sapu inalipiwa. Akishindwa sapu, anarudia mwaka au anapigwa disko, yaani anaondolewa chuo. Mwaka wa kurudia, ukiondoa sare, ni 3,765,400 nyingine, chukueni lile karatasi la mama wa machungwa mlihesabu upya.

Kwa hiyo ukienda kukitazama chuo, na uende kwa miguu yako, usitume picha, usiangalie geti limepakwa rangi gani. Uliza walimu wangapi wameajiriwa moja kwa moja na wangapi wanakuja kushikiza. Uliza matokeo ya mtihani wa wizara ya mwaka jana, waliokaa wangapi, waliofaulu mara ya kwanza wangapi. Wakikwambia "wetu wanafaulu vizuri sana", omba karatasi. Ingia chumba cha mazoezi ya vitendo, tazama kama ile midoli ya kujifunzia ina vumbi. Halafu toka nje, kaa kwenye banda la chips wanapokula wanafunzi, ukae kimya. Ndani ya nusu saa utajua kama mishahara ya walimu imetoka.

Sasa nifike mwisho, na huko mwisho ndiko pesa nyingi za wazazi zilikozikwa.

Ofisini kwangu kulikuwa na kabati la chuma la kijivu, droo nne. Droo ya juu, vitabu vya risiti. Ya pili, mikataba. Ya nne, chai na sukari yangu. Droo ya tatu ilikuwa na bahasha za kaki zimepangwa wima kwa herufi, A mpaka Z. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na cheti. Cheti halali, kimesainiwa, mwenyewe kafaulu kila somo. Kwa nini kimo kwenye droo yangu? Kwa sababu mwenyewe hakumaliza ada. Alisoma miaka mitatu, alifaulu, akakosa laki tano. Laki tatu. Mmoja alikosa 85,000.

Siku nakabidhi ofisi nilizihesabu mbele ya mrithi wangu. Bahasha 43.

Fikirieni. Familia imeshatoa milioni kumi. Imeuza shamba. Imebaki laki tatu, na bila hiyo laki tatu zile milioni kumi hazina mdomo. Mwajiri anataka cheti. Baraza la taaluma yako linataka cheti ndipo likusajili. Ukitaka kujiendeleza chuo kikuu unahitaji ile namba ya uhakiki, AVN, na chuo kilikuwa hakiwashughulikii wadaiwa mpaka wamalize. Kwenye hesabu ya mkopo, ya shamba, ya bodaboda iliyoachwa, huyu mtu ametoa zaidi ya 16,000,000 na amepata sufuri. Aliyeacha mwezi wa kwanza amepata hasara ndogo kuliko yeye.

Unaweza kusema chuo kina roho mbaya. Mimi pia nilisema hivyo mwaka wa kwanza. Halafu nikawa naona daftari la mishahara. Chuo kisipozuia cheti, wengi hawalipi, na mwalimu wa famakolojia anaondoka Novemba badala ya Februari. Sijapata jawabu lake mpaka leo. Ila najua mzazi anaweza kufanya nini: asianze mbio ambazo pumzi yake inaishia mwaka wa pili.

Tena tufanye jambo ambalo tunaliweza sana kwa shughuli nyingine. Harusi ikija, kesho yake kuna kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za mchango, na milioni nane zinapatikana miezi miwili, ng'ombe analiwa siku moja. Nimechangia, nitaendelea kuchangia, napenda pilau. Lakini mtoto akifika mwaka wa tatu amebakiza 740,000, kamati iko wapi?

Naitaja 740,000 kwa sababu ni namba ya mtu. Binti wa uuguzi, mwaka wa mwisho. Baba alianguka mnazini muhula wa tano, ada ikasimama pale pale. Nilimpa kibali cha mtihani kwa kumdhamini mimi, kwa maandishi, nikapata onyo. Akafanya mtihani, akafaulu. Cheti kikaja, kikaingia droo ya tatu, herufi M.

Akaenda kuuza vocha na kufanya miamala kwenye kibanda, Segera. Mara moja kwa mwezi nilikuwa napata ujumbe kwenye simu ya ofisi: elfu kumi. Mwezi mwingine elfu kumi na tano. Mwezi mwingine hakuna. Kila ukifika nilikuwa naandika risiti na kuibandika kwenye bahasha yake kwa pini, mpaka bahasha ikanenepa kuliko zote.

Siku aliyokuja kuchukua, alivaa nguo ya kanisani. Hakukaa. Nikamfungulia droo mwenyewe aitoe. Akachomoa zile risiti moja moja, akazipanga mezani kwa tarehe, akazihesabu, ndipo akatoa cheti. Tarehe iliyoandikwa kwenye cheti na tarehe aliyosaini kwenye daftari langu zimepishana miaka minne na miezi miwili.

Kwa mshahara wa laki nne tuliousema, miaka minne na miezi miwili ni milioni ishirini. Zimekwenda kwa sababu ya 740,000.

Nipo hapa mpaka saa nane mchana. Nimekuja na kikokotoo na kalamu mbili. Mwenye barua ya chuo aje nayo yote, mpaka ukurasa wa nne, na aje na mtoto mwenyewe. Mama, wewe wa kitenge cha kijani, nilikuona umenyoosha mkono wa kwanza. Karibu tuanze na yako.